Presha ya risasi za bastola: inakupa nini, inakudai nini

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mjini Jinja, mbele ya masupavaiza wa kampuni za ulinzi na raia wenye leseni za bastola. Wengi mmeniomba niyaandike, nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni.

Maafande, wazee wangu, mama zangu mliokaa hapo mbele, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa vile viti vimeisha, asanteni kwa kuja. Ntaongea Kiswahili. Najua wengi hapa nyumbani ni Kisoga na Kiganda, lakini mambo ya silaha hapa kwetu tulifundishwa kwa Kiswahili toka enzi za babu zetu, batalioni ya nne ya KAR, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ilikuwa na kambi hapahapa Jinja na amri zilikuwa za Kiswahili, mwaka 1962 ikawa Uganda Rifles, serikali zikaja zikaenda, lakini ukiingia ghala la silaha leo bado utaskia risasi, bastola, magazini, afande. Kwaiyo tutumie lugha ya kazi.

Kabla sijaenda mbali angalieni hapa mezani. Nimesimamisha risasi mbili za 9mm, zimetoka boksi moja, muhuri kwenye kitako ni uleule. Hii ya kushoto haijawahi kuingia kwenye chemba ya bastola yoyote, yani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Hii ya kulia nimeitoa kwenye bastola ya supavaiza mmoja ambaye anaibeba kila siku. Ukipitisha ukucha juu ya vichwa vyake unaskia kuna ngazi, ya kulia imekuwa fupi. Ntairudia baadaye, nyinyi iwekeni tu akilini.

Kilichonifanya nikubali kuja ni hiki. Karibu kila wiki kijana ananijia, anasalimia vizuri, alafu anasema mzee naomba unishauri, nataka risasi kali, ile ya presha kubwa, ile ikimpata mtu hainuki. Na mimi namuuliza, kali kwa nani? Kwa mwizi, au kwa bastola yako, au kwa mkono wako, au kwa jirani yako aliyelala nyuma ya ukuta? Anakaa kimya. Hilo swali ndilo nimekuja kulijibu leo, na sitasema presha kubwa ni mbaya, maana sio mbaya, ina kazi yake na ina faida za kweli ntazitaja zote, lakini haitoki bure hata siku moja, kila unachopata pale mbele ya mtutu kuna mahali nyuma unakilipia.

Kwanza tuelewane maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinasema risasi kwa vitu viwili. Leo nikisema risasi namaanisha kitu kizima, ganda, baruti, kapsuli inayowasha baruti, na kichwa. Nikisema kichwa namaanisha kile kinachotoka na kwenda. Hapo tutaenda sawa.

Sasa presha. Wenye boda hapa mnajua, tairi unajaza psi 30 na kitu, yani pauni 30 na kitu za msukumo kwa kila inchi ya mraba, ukizidisha inapasuka. Hii 9mm ya kawaida, ile Mjerumani Georg Luger aliileta mwaka 1902, kikomo chake kwa kipimo cha Wamarekani ni psi 35,000. Sikosei sifuri. Ni presha ya tairi yako mara elfu moja na zaidi, iko ndani ya kijikopo cha shaba ambacho mtoto anaweza kukifunika kwa kiganja, na inapanda na kushuka kwa muda ambao haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na kitu kinachoizuia isirudi usoni kwako ni hilo ganda jembamba na chuma cha chemba kinacholizunguka. Mimi nimekaa na silaha zaidi ya nusu ya maisha yangu na nikiiwaza hiyo mpaka leo naskia heshima.

Sasa linganisheni. Ile .45 ya Browning, hiyo namba ni upana kwa inchi, ambayo Wamarekani waliibeba na bastola ya M1911 toka mwaka 1911, kikomo chake ni psi 21,000 tu. Makarov ya Warusi, ambayo wengi hapa mmeishika, iko karibu na psi 23,000. Tokarev na ndugu yake Type 54 wa China ziko kama psi 36,000. .40 iko 35,000 sawa na 9mm, 10mm iko 37,500, .357 SIG iko 40,000. Alafu kuna zile za juu kabisa, .30 Super Carry ya mwaka 2022 iko psi 50,000, na 5.7 ya Wabelgiji wa FN nayo iko hapohapo karibu 50,000, na hapo mjue AK mnayoibeba lindo la usiku risasi yake inafika kama 51,500. Yani mtu anashika mkononi bastola yenye presha ya bunduki ndefu.

Ukiangalia hiyo orodha haraka utasema kumbe .45 ni dhaifu, psi 21,000 tu. Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, naomba mnisikilize vizuri. Presha sio nguvu. Presha ni msukumo kwenye kila kieneo kidogo, lazima uzidishe na ukubwa wa kitako kinachosukumwa. Kichwa cha .45 kina upana wa milimita 11 na nusu, cha 9mm kina milimita 9. Ukipiga hesabu ya duara, kitako cha .45 ni kama milimita mraba 103, cha 9mm ni 64. Zidisha kila mmoja na presha yake, utashangaa, msukumo unakaribia kuwa sawa kabisa. Ni kama kusukuma gari lililokwama tope, watu watatu wenye nguvu au watu watano wa kawaida, gari linatoka vilevile. Na mbele ya mtutu ni hivohivo, 9mm yenye kichwa cha gramu 8 ikitoka mita 350 kwa sekunde inabeba juli kama 490, juli ni kipimo cha nishati, .45 yenye kichwa cha gramu karibu 15 ikitoka mita 255 inabeba juli 480 na kitu. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Sasa mtaniuliza, kama matokeo ni yaleyale, presha kubwa ya nini? Hapo ndipo faida zake zinapoingia, na ni faida kubwa.

Ya kwanza ni kwamba presha inakuruhusu utumie risasi ndogo kufanya kazi ya risasi kubwa. Risasi ndogo maana yake magazini inabeba nyingi. Ile M1911 ya zamani magazini yake inabeba 7, Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ikaja na 13, Glock 17 inabeba 17, na kishikio bado kinaingia mkononi. Kwa askari aliye peke yake getini usiku, redio haishiki na wenzake wako mbali, tofauti ya 7 na 17 sio kitu cha kudharau. Ya pili, kichwa chepesi kinachokwenda kasi hakipigi teke kama kichwa kizito kinachokwenda polepole hata kama juli ni sawa, maana teke linafuata uzito mara kasi, na hapo .45 inazidi 9mm kwa zaidi ya theluthi. Mama zangu hapo mbele wenye mikono midogo mnajua naongea nini, nimeona askari wa kike wanaofundishwa kwa 9mm wanapiga vizuri kuliko wanaume wenye misuli wanaoiogopa .45. Ya tatu, kasi inanyoosha njia ya kichwa, kwa umbali wa kweli wa bastola hiyo haina maana sana, naipita. Ya nne, vile vichwa vyenye shimo puani ambavyo vinafunguka vikiingia mwilini vinahitaji kasi ili vifunguke, na kama bastola yako ni fupi ya kuficha, mtutu mfupi unakula kasi, kwaiyo kuongeza presha kidogo ni njia ya kurudisha kilichopotea. Hiyo ndio sababu ya maana kabisa ya risasi zenye alama ya +P, mnaiona kwenye muhuri wa ganda, jumlisha na herufi P.

Lakini hiyo +P yenyewe tuipime. Kwenye 9mm inapanda kutoka psi 35,000 mpaka 38,500, asilimia kumi. Kwa kichwa cha gramu 8 unapata labda mita 20 kwa sekunde za ziada. Mita ishirini. Mtu aliyeko upande ule hawezi kukwambia tofauti. Na ile yenye P mbili, +P+, hiyo hata kikomo rasmi haina kwenye vitabu vya SAAMI, ile taasisi ya Wamarekani inayoweka viwango toka mwaka 1926, yani ukiishika unaamini neno la aliyeitengeneza tu.

Nataka niwape hadithi ya kweli ya Wamarekani, kwa sababu wao walipita njia hii yote, wakatumia pesa nyingi, wakarudi pale walipoanzia. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maajenti wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipigana na majambazi wawili wa benki. Maajenti wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. Kichwa kimoja cha 9mm kilimpata jambazi mmoja vizuri kabisa, kikapita mkononi kikaingia kifuani, lakini kikasimama kabla ya kufika moyoni, na yule mtu akaendelea kupiga risasi. FBI wakasema tatizo ni 9mm, tunataka kitu kikali. Wakaenda kwa 10mm, iliyotoka mwaka 1983, ambayo ilivyotoka mwanzo ilikuwa inasukuma kichwa cha gramu 13 kwa mita 360 na zaidi kwa sekunde, hiyo ni juli zaidi ya 800 kwenye bastola. Ilikuwa kali kweli. Kali mpaka FBI wakaona teke lake limezidi, ikabidi wapunguze baruti. Ilipopunguzwa baruti ganda likabaki na nafasi tupu ndani, Smith & Wesson na Winchester wakaona kama ndivyo basi tulikate ganda liwe fupi, ikazaliwa .40 mwaka 1990. Polisi wengi wa Marekani wakahamia .40. Alafu mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwamba 9mm ya kisasa yenye kichwa kilichotengenezwa vizuri inafanya kazi ileile, na watu wanapiga haraka zaidi na kulenga vizuri zaidi nayo, kwaiyo turudi 9mm. Wakarudi.

Jamani, ile miaka karibu thelathini waliizungusha kumbe kilichokuwa kinahitaji kubadilika ni muundo wa kichwa. Walipoandika kipimo chao baada ya Miami, hawakuandika psi wala juli, waliandika kichwa kiingie kwenye jeli ya majaribio kati ya inchi 12 na 18, yani sentimita 30 mpaka 46, kisipungue kisizidi. Kisizidi. Hilo neno la mwisho nalirudia kwa sababu ya hapa kwetu.

Tutoke Miami turudi Uganda. Wengi wenu mnalinda mjini. Kampala, mtaa kama Bwaise au Katanga, nyumba na nyumba zinapakana, ukuta ni mabati au matofali ya kuchoma ya safu moja, ndani kuna familia imelala chini kwenye godoro moja. Na risasi zinazopatikana kwetu nyingi ni zile za kichwa kilichofunikwa chote kwa shaba, za kijeshi, kwa sababu toka tamko la Hague la mwaka 1899 majeshi hayaruhusiwi kutumia vichwa vinavyofunguka vitani, kwaiyo ndizo zinazozagaa duniani. Kichwa cha namna hiyo hakifunguki. Ukikiongezea presha hakigeuki kuwa bora, kinapita tu haraka zaidi, kinatoka upande wa pili kikiwa bado na kazi ya kufanya. Tokarev ndio mfano wangu, kichwa kidogo cha gramu 5 na nusu, mita 420 na zaidi kwa sekunde. Nilishakagua nyumba baada ya risasi moja ya Tokarev kupigwa chumbani kwa bahati mbaya. Ilipita mlango wa mbao, ikapita sufuria lililoning'inia, ikapita bati la jikoni, tukakitafuta kichwa nje hatukukiona. Kwenye lile sufuria kulikuwa na tundu safi la mviringo upande mmoja, na upande wa pili tundu lenye meno yametoka nje kama ua. Mwenye nyumba alilishika lile sufuria muda mrefu hakusema kitu. Mtoto wake huwa anakaa palepale akimenya matooke.

Kwaiyo kijana akiniambia anataka kali zaidi ya hapo, nakumbuka lile sufuria.

Sasa upande wa chuma. Bastola sio zote zimejengwa kubeba presha ileile. Makarov haina kufuli, slaidi, lile chuma la juu linalorudi nyuma ukipiga, inashikiliwa na uzito wake na springi tu, na inafanya kazi vizuri kwa sababu risasi yake ni ya presha ya chini. 9mm ya Luger inahitaji kufuli, ndio maana bastola zake nyingi zinatumia ile akili ya John Browning, mtutu unafungana na slaidi, vinarudi pamoja kidogo mpaka presha ishuke, alafu mtutu unainama na kuachia. Sabmashingani kama Sten na Uzi hazina kufuli lakini zina bolti zito la chuma. Na hapa kuna hatari ambayo haiongelewi: kuna nchi zilitengeneza 9mm kali makusudi kwa ajili ya hizo sabmashingani, na kwa macho inafanana kabisa na 9mm ya bastola. Mtu anapewa risasi za bure na rafiki, anasema 9mm ni 9mm. Sio kweli. Na ukisikia mtu anasema tu 9mm bila kumalizia, muulize 9 kwa ngapi. Ya Luger ganda ni milimita 19, ya Makarov ni 18, na vichwa havilingani unene, kimoja 9.01 kingine 9.27. Ghala lenye zote mbili kwenye kabati moja bila kuandikwa ni ajali inayosubiri siku.

Niliyoona kwa macho yangu ni haya. Miaka mingi iliyopita nilikuwa uwanja wa kulenga shabaha, mzee mmoja mwenye leseni alikuja na bastola ya 9mm ya zamani, nzuri, imetunzwa kwa mafuta, ila springi yake ilikuwa haijabadilishwa toka ainunue. Alikuwa amepewa boksi la risasi kali. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, nikaona maganda yanarushwa mbali kuliko kawaida, yanatua karibu na ukuta. Nilitakiwa nimsimamishe palepale, sikumsimamisha, na hilo najilaumu mpaka leo. Ya nne au ya tano ukaskika mlio tofauti, mzito, na magazini ikatoka chini ikaanguka miguuni mwake bila yeye kuigusa. Alisimama anauangalia mkono wake. Vibao vya kishikio vilikuwa vimepasuka, kiganja kimeungua na kuingia vipande vya shaba. Nilipolitoa lile ganda nilielewa. Kwenye bastola nyingi pale chini, karibu na kitako, kuna kipande kidogo cha ganda ambacho chemba haikizunguki, kwa sababu ndio njia risasi inapandia kutoka kwenye magazini. Pale shaba iko peke yake. Ganda lilikuwa limevimba palepale kama shavu la mtu mwenye jino, na katikati ya uvimbe kuna mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Kwa huo mpasuko wa mchele ndipo gesi yote ilipita kwenda chini kwenye magazini na mkononi. Vidole vyake vyote vilibaki, namshukuru Mungu, lakini hakurudi tena uwanjani.

Kwaiyo dalili mzijue. Maganda yanarushwa mbali kuliko zamani. Ganda limevimba karibu na kitako. Kapsuli imelala bapa kabisa hadi kingo zake zimejaa, au ina alama kama imekwaruzwa na pini. Ukiona hizo simamisha, toa magazini, usimalize boksi eti kwa sababu umelipia. Na springi ya slaidi sio kitu cha kurithishwa, inachoka, na risasi za presha kubwa zinaichosha mapema, slaidi inaanza kugonga fremu kwa nguvu kila mara, na fremu nayo inaanza kupata nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka uifute mafuta na uiangalie juani.

Joto pia. Baruti ikipashwa moto inawaka haraka zaidi na presha inapanda. Risasi ambayo iko salama kabisa hapa Jinja pembeni ya ziwa, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari Moroto au Gulu mwezi wa pili mchana kutwa, sio risasi ileile. Kama ilitengenezwa kwenye kikomo tayari, hilo joto linaipeleka mbele ya kikomo. Ya kawaida ina nafasi ya kupumua, ya kikomo haina.

Na masikio. Bastola ya 9mm inatoa mlio wa desibeli kama 160, na sikio linaanza kuharibika kwa mlipuko wa 140. Kali zaidi na mtutu mfupi zaidi maana yake mlio zaidi na mwako zaidi, na usiku ule mwako unakupofusha kwa sekunde kadhaa, ndio sekunde zilezile unazotaka kuona. Wazee wengi wa kazi yetu mkiwaita mara mbili hawageuki. Msidhani wanaringa.

Kuna afande mmoja hapo katikati ameinua mkono toka saa ile, ngoja nimpe nafasi. Anauliza, mzee, kwaiyo wewe ungebeba nini? Afande, ntakujibu wazi. Ningebeba 9mm ya kawaida, ya kiwanda kinachojulikana, sio +P, kwenye bastola yenye springi mpya. Na ile pesa ningeongeza kwa risasi kali ningenunua nayo risasi za mazoezi. Kuna kampuni ambazo askari wake anapiga risasi chache sana kwa mwaka mzima, alafu bosi anauliza kama abadilishe kaliba, yani aina ya risasi. Askari anayepiga risasi mia kwa mwaka na 9mm ya kawaida atamshinda anayepiga tano na .357 SIG. Mwenye bastola fupi ya kisasa, ambayo kitabu chake cha kiwanda kimeandika wazi +P inaruhusiwa, na amefanya nayo mazoezi ya kutosha, huyo akiibeba simlaumu, anajua anachonunua. Na wale wenye 10mm kwa sababu wanaishi karibu na wanyama wakubwa nawaelewa pia, ile ina sababu. Mwenye bastola ya babu yake na kitabu hana, asiiguse +P kabisa.

Haya, nirudi mezani kama nilivyoahidi, kwa sababu hili ndilo linawahusu karibu nyote humu ndani na halihitaji hata mtu anunue risasi kali, unaitengeneza presha kubwa mwenyewe kwa mikono yako bila kujua.

Asubuhi supavaiza anapokea bastola. Anaingiza magazini, anavuta slaidi, risasi ya juu inaingia chemba. Jioni anakabidhi, anatoa magazini, anavuta slaidi, ile risasi inaruka, anaiokota, anairudisha juu kabisa kwenye magazini. Kesho asubuhi ileile tena. Risasi moja, siku baada ya siku, miezi. Kila slaidi inapoisukuma, pua yake inagonga ile njia ya kupandia, na kila pigo linakirudisha kichwa ndani ya ganda kidogo sana. Huoni. Lakini chumba cha baruti kinapungua. Baruti ileile, nafasi ndogo, presha juu, na haipandi taratibu, inaruka. 9mm ikiwa nzima haizidi milimita 29.69 kwa urefu, na .40 ndio imejulikana sana kwa ugonjwa huu kwa sababu nafasi ndani ni finyu. Hii ya kulia hapa nilipoipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu mdogomdogo, ilikuwa imezama zaidi ya milimita moja kuliko dada yake. Aliyekuwa anaibeba ni mtu makini kabisa, kiatu kinang'aa, daftari lake safi, hajawahi kukosa zamu. Hakuna aliyemwambia.

Dawa yake ni rahisi. Usirudishe risasi ileile juu kila siku, izungushe ikae chini ya magazini, na ikishaingia chemba mara chache tu itoe uiweke kwenye kopo la mazoezi. Ukiweza kuilinganisha na mpya kwa kuzisimamisha pamoja kwenye kioo au meza bapa, fanya hivo kila wiki. Ikiwa fupi kwa macho, hiyo haipigwi kabisa, hata mazoezini, inapelekwa kwa fundi wa silaha.

Nimeongea sana na jua linazama. Waliokuja na bastola za kazi, mpange mstari hapa upande wa dirisha, magazini nje, chemba wazi, mtutu uelekee lile pipa la mchanga. Kila mmoja aniletee ile risasi yake ya juu tu. Kalipa iko hapa, na hii ya kushoto ndio ya kulinganishia. Tuanze na wewe afande uliyeuliza swali.